Dhana ya Sufuri na Dalili ya Kitakwimu katika Utafiti wa Tiba ya Nafsi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili yaliyo msingi wa utafiti wa kitakwimu: dhana inayodai kwamba hapana tofauti baina ya makundi yanayolinganishwa, na hukumu inayotolewa juu ya dhana hiyo baada ya hesabu kufanywa. Mifano yetu itatoka katika utafiti wa tiba ya nafsi, yaani ile tiba itolewayo kwa mazungumzo yaliyopangwa baina ya mgonjwa, au kundi la wagonjwa, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Uwanja huu tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo hukumu ya kitakwimu humgusa binadamu moja kwa moja, kwani kutokana nayo tiba fulani hugharimiwa na nyingine huachwa. Pili, tiba yenyewe hufanywa kwa lugha, vipimo vyake aghalabu ni maswali, na matokeo yake huelezwa kwa sentensi. Kwa hiyo mwanaisimu hana udhuru wa kukaa kando na kuwaachia wanahesabu peke yao.

Hoja tunayoitetea ni kwamba makosa mengi yanayofanywa katika kufasiri matokeo ya namna hii si makosa ya hesabu. Ni makosa ya ukanushi na ya istilahi. Tutajaribu kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuyaepuka makosa hayo, iwapo tutazitumia kwa uangalifu.

2. Mantiki ya dhana ya sufuri

Mwanatakwimu Mwingereza R. A. Fisher, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, aliieleza mantiki hii katika kitabu chake cha mwaka 1935, The Design of Experiments. Alitumia kisa cha bibi mmoja aliyedai kwamba, akionja chai, aweza kutambua kama maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au yalifuata baada ya chai. Jaribio likawa hivi: vikombe 8 vitayarishwe, 4 kwa namna ya kwanza na 4 kwa namna ya pili, kisha vichanganywe bila mpango wowote, naye bibi avitambue vile 4 ambavyo maziwa yalitangulia.

Mjaribu haanzi kwa kudhani kwamba bibi ana kipawa hicho. Huanza kwa kudhani kwamba hana, na kwamba anakisia tu. Hiyo ndiyo dhana ya sufuri. Sasa, vikombe 4 vyaweza kuteuliwa miongoni mwa 8 kwa njia 70, na katika hizo ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Kama bibi angekuwa anakisia, angefaulu kuvipata vyote kwa bahati mara 1 katika 70, yaani uwezekano wa 0.014 hivi. Tokeo adimu namna hiyo likipatikana, mjaribu ana haki ya kuitilia shaka dhana ya kukisia. Lakini bibi akipata vikombe 3 na kukosa 1, mambo hubadilika. Njia za kupata 3 ni 16; ukijumlisha na ile 1 ya kupata vyote, huwa 17 katika 70, yaani 0.24. Jambo linaloweza kutukia kwa bahati karibu mara moja katika kila majaribio manne si la kumshangaza mtu.

Nambari hizi, 0.014 na 0.24, ndizo ziitwazo thamani ya p. Yafaa ieleweke kwamba nambari hiyo huishi ndani ya sentensi ya sharti. Haituambii kwamba bibi anakisia kwa uwezekano wa kiasi fulani. Yatuambia kwamba, kama angekuwa anakisia, matokeo mazuri kiasi hiki au kupita haya yangepatikana mara ngapi. Mofimu -nge- ndiyo inayobeba maana yote, na ripoti inayoiondoa huigeuza maana hiyo juu chini.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mvua ikinyesha, mawingu hayakosi kuwapo. Lakini haifuati kwamba kila mawingu yakitanda mvua itanyesha. Kuuliza "iwapo kuna mvua, yawezekana kiasi gani kuwa na mawingu?" ni swali moja, kuuliza "iwapo kuna mawingu, yawezekana kiasi gani mvua kunyesha?" ni swali jingine, na jibu lake ni jingine. Thamani ya p hujibu swali la namna ya kwanza, ilhali wasomaji wengi hulichukua kuwa jibu la namna ya pili.

Kuhusu mpaka wa 0.05, yaani mara 1 katika 20, Fisher aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuwa kiwango kinachofaa kwa matumizi. Haukuwa sheria ya maumbile. Hata hivyo, katika majarida mengi ya elimu-nafsi mpaka huo uligeuka kuwa kizingiti cha mlango: chini yake matokeo huingia, juu yake hubaki nje. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko la kuonya kwamba uamuzi wa kisayansi au wa sera usitegemee tu kama thamani ya p imevuka kizingiti fulani. Onyo hilo lina sababu. Mtafiti akipima mambo 20 yasiyotegemeana, na kwa kweli pasiwe na tofauti katika hata moja, uwezekano wa kuona angalau "tofauti" moja iliyo chini ya 0.05 ni 0.64 hivi. Akiripoti hiyo moja na kuzinyamazia 19, amesema jambo la kweli kwa namna ya kupotosha.

3. "Haikuthibitishwa" na "imethibitishwa kuwa si"

Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanaelimu-nafsi wa London, alichapisha makala mafupi yaliyozua mjadala wa miongo kadhaa. Alikusanya ripoti 24 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye matatizo ya nafsi, akalinganisha waliopata tiba ya nafsi na watu ambao hawakupata tiba hiyo rasmi. Kwa hesabu yake, karibu thuluthi mbili ya watu wa kundi hili la pili walipata nafuu katika muda wa miaka miwili hivi, na waliotibiwa hawakuwazidi. Alihitimisha kwamba takwimu hizo zilishindwa kuthibitisha kuwa tiba ya nafsi huharakisha kupona.

Tuzitazame sentensi mbili:

(a) Haikuthibitishwa kwamba tiba inafaa.
(b) Imethibitishwa kwamba tiba haifai.

Katika (a) kikanushi kimo katika kitenzi kikuu. Katika (b) kimo katika kishazi tegemezi. Sentensi ya kwanza ni habari za ushahidi, ya pili ni habari za tiba. Hitimisho la Eysenck lilikuwa la aina ya (a), lakini lilienea miongoni mwa wengi kama kwamba lilikuwa la aina ya (b). Tena ushahidi wenyewe ulikuwa na kasoro, kwani makundi hayakugawanywa kwa kura. Watu waliowekwa upande wa ulinganisho walikuwa wagonjwa wa hospitali za serikali na watu waliodai malipo ya bima kwa ajili ya kutoweza kufanya kazi, na hali za watu hao zilitofautiana na za waliotibiwa katika mambo mengi.

Mbona msomaji huteleza kwa urahisi kutoka (a) hadi (b)? Sehemu ya jibu imo katika lugha. Kuna vitenzi ambavyo kikanushi chake huweza kuhama bila kubadili ujumbe. Asemaye "sidhani atakuja" hueleweka sawasawa na asemaye "nadhani hatakuja". Ndivyo ilivyo pia kwa "sioni kama inafaa" na "naona haifai". Mazoea haya ya vitenzi vya kudhani tunayachukua, pasipo kujua, hadi kwenye vitenzi vya kuthibitisha, na huko hayafai kamwe. Kutothibitisha kuwapo kwa kitu si kuthibitisha kutokuwapo kwake. Kwa sababu hiyo watakwimu husema dhana ya sufuri "haikukataliwa", wala hawasemi "ilikubaliwa". Msomaji asidhani kwamba huo ni ubishi wa maneno matupu.

4. Sampuli ndogo na ukimya wake

Dhana ya sufuri yaweza kukosa kukataliwa kwa sababu mbili zilizo mbali kabisa: ama hapana tofauti, ama ipo lakini utafiti ulikuwa mdogo mno kuiona. Tuseme tiba fulani kwa kweli humsogeza mgonjwa wa kawaida kwa nusu ya kipimo cha mtawanyiko, jambo ambalo si dogo hata kidogo. Utafiti wenye watu 20 kila upande, kwa mpaka wa 0.05, utaigundua tofauti hiyo mara 1 tu katika 3 hivi. Ili uigundue mara 4 katika 5, wahitaji watu 64 kila upande. Kwa hiyo mtafiti wa watu 20, tiba yake ikiwa nzuri kiasi hicho, bado atarudi mikono mitupu mara 2 katika 3.

Utafiti mkubwa wa tiba ya sonona uliosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ambao matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 1989 na Irene Elkin na wenzake, wafaa kuwa kielelezo. Wagonjwa 250 waligawanywa kwa kura katika makundi manne: wawili wa makundi hayo walipata aina mbili tofauti za tiba ya nafsi, la tatu lilipewa dawa ya imipramini pamoja na uangalizi wa daktari, na la nne lilipewa kidonge kisicho na dawa pamoja na uangalizi huo huo. Baina ya aina mbili za tiba ya nafsi haikuonekana tofauti ya kitakwimu. Je, twaweza kusema kwamba aina hizo ni sawa? Kila kundi lilikuwa na watu 60 hivi. Kama tofauti ya kweli ingekuwa ndogo, tuseme moja ya tano ya kipimo cha mtawanyiko, utafiti wa ukubwa huo ungeigundua mara 1 tu katika 5. Basi lililo halali kusema ni kwamba tofauti kubwa haielekei kuwapo, na juu ya tofauti ndogo utafiti ulikaa kimya. Mtu anayetaka kuthibitisha usawa hana budi kutaja mapema ni tofauti ya kiasi gani ataihesabu kuwa si kitu, kisha aonyeshe kwamba makadirio yake yote yamo ndani ya mpaka huo.

5. Dalili si ukubwa

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza: kuona thamani ndogo ya p na kudhani kwamba tofauti ni kubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kipimo cha huzuni kina mtawanyiko wa alama 10. Katika utafiti wa kwanza kuna watu 10,000 kila upande, na waliotibiwa wamewapita wenzao kwa nusu alama. Thamani ya p itakuwa chini ya 0.001, ijapokuwa hakuna mgonjwa atakayeihisi nusu alama hiyo. Katika utafiti wa pili kuna watu 12 kila upande, na tofauti ni alama 6. Hapo p ni karibu 0.16. Utafiti wa kwanza una dalili thabiti ya jambo dogo; wa pili una dalili hafifu ya jambo linaloweza kuwa kubwa. Msimamizi wa zahanati aliyeambiwa kwamba tofauti ya kwanza ni "muhimu" na ya pili "si muhimu" amepewa shauri baya, tena kwa neno moja tu lililofasiriwa vibaya.

Kwa ajili hiyo watafiti walianza kuuliza "kiasi gani?" badala ya "ipo au haipo?". Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walijumlisha tafiti 375 za tiba ya nafsi na ushauri, wakapima ukubwa wa tofauti katika kila mojawapo. Wastani ulikuwa 0.68 ya kipimo cha mtawanyiko, maana yake mtu wa kawaida aliyetibiwa alikuwa na hali bora kuliko watu 75 katika 100 wa wale ambao hawakutibiwa. Tafiti hizo hazikulingana kwa ubora, na wakosoaji, Eysenck akiwa mmoja wao, walilisema hilo kwa ukali. Hata hivyo swali lilikuwa limebadilika: jibu sasa lilikuja na kiasi, wala si "ndiyo" au "la" peke yake.

6. Kielelezo cha Masaka na Rakai

Utafiti mmoja wa Afrika ya Mashariki wakusanya mambo yote tuliyoyataja. Ulifanywa katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton na wenzake. Kabla ya kupima lolote, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe huzuni inayomlemaza mtu huitwaje. Katika majibu yalitokea maradhi mawili yatajwayo kwa vitenzi vya Kiganda okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Msomaji wa isimu ya Kibantu ataona kwamba vyote viwili vina kiambishi cha kujirejelea, -e-, kilicho sawa na -ji- ya Kiswahili. Orodha ya maswali iliyotungwa nchi nyingine ililinganishwa na maelezo hayo kwanza, ndipo ikatumiwa kuwa kipimo. Hesabu yoyote inayofanywa juu ya kipimo kisichoeleweka na waulizwaji ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, hata thamani ya p iwe ndogo namna gani.

Vijiji vilikuwa 30, 15 vya kupima wanaume na 15 vya kupima wanawake. Kwa kura, vijiji 15 vilipata tiba ya makundi, dakika 90 kila juma kwa majuma 16, na vingine 15 vikawa vya ulinganisho. Watu 224 walihojiwa tena mwishoni. Ukali wa sonona ulipungua kwa wastani wa alama 17.47 katika vijiji vya tiba, na kwa alama 3.55 katika vijiji vya ulinganisho, p ikiwa chini ya 0.001. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu wa vijiji vya tiba na asilimia 94 ya wale wa ulinganisho walikuwa na sonona kuu. Baada yake, asilimia hizo zilikuwa 6.5 na 54.7.

Msomaji azingatie mambo matatu. Kwanza, hata wasiotibiwa walipata nafuu kwa kiasi kikubwa, kutoka 94 hadi 54.7. Kama vijiji vya ulinganisho visingekuwapo, nafuu hiyo yote ingehesabiwa kuwa kazi ya tiba. Na hili ndilo jambo ambalo Eysenck alikuwa na haki ya kulidai. Pili, thamani ya p yajibu swali moja tu: kama tiba isingekuwa na athari yoyote, pengo kama hili lingetokea kwa nadra sana. Tatu, ukubwa wa manufaa wasomwa katika 17.47 na 3.55, na katika 6.5 na 54.7. Nambari hizo ndizo za kumpelekea mwenye kuamua juu ya fedha na wahudumu.

7. Juu ya istilahi

Sasa twaweza kurejea kwenye maneno. Neno la Kiingereza "null" likitafsiriwa "batili", msomaji huletewa harufu ya mahakama: mkataba batili ni mkataba usio na nguvu tangu mwanzo. Dhana iitwayo batili imekwisha kuhukumiwa kabla ya ushahidi kusikilizwa, ilhali mantiki yote yataka ihesabiwe kuwa ya kweli mpaka matokeo yailemee. "Nadharia tete", iliyozoeleka katika tasnifu zetu, yafaa kwa dai ambalo mtafiti analilea akitumaini litakomaa. Haiendi vizuri na dai lililosimamishwa makusudi ili lishambuliwe. Twapendekeza "dhana ya sufuri", kwa kuwa linalodaiwa ni kwamba tofauti ni sufuri. Kiarabu nacho hutumia istilahi iliyojengwa kwa neno la sufuri, na sisi tunalo neno hilo hilo tangu zamani.

Ama "significant", asili yake katika Kilatini ni kutoa ishara, wala si kuwa na uzito. Kiarabu huita jambo hili kwa neno dalala, litokalo katika mzizi ule ule uliotupa "dalili". Basi "tofauti yenye dalili ya kitakwimu" yasema lililokusudiwa bila kuongeza chumvi, na neno "muhimu" tuliwekee uamuzi wa wale watakaotibiwa na watakaotibu.

Juu ya ukanushi, Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi hazina, yaani tofauti baina ya -ku- na -ja-. Twapendekeza utaratibu huu. Kwa utafiti mmoja uliokwisha: "haikuonekana tofauti yenye dalili". Kwa hali ya elimu kwa jumla, mahali ambapo mlango ungali wazi: "haijathibitika". Na pale tu ambapo sampuli ilitosha, mpaka wa tofauti isiyo kitu ulitajwa mapema, na makadirio yote yakaingia ndani yake: "imethibitika kwamba hapana tofauti ya maana".

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba dhana ya sufuri ni dai la kujaribiwa, kwamba thamani ya p ni nambari ya sharti, kwamba kutokataa si kukubali, na kwamba dalili si ukubwa. Hesabu za mambo haya zaweza kufanywa na mashine. Sentensi inayozifuata huandikwa na mtu, na aghalabu ndiyo peke yake itakayosomwa na mwenye mamlaka. Wanafunzi wetu wanaofasiri ripoti za afya, na wale wanaozihariri, wafundishwe kupima mahali pa kikanushi kwa uangalifu ule ule ambao mwanatakwimu huutumia kupima nambari zake. Mgonjwa anayengoja kusikia kama tiba yake itaendelea hataiona thamani ya p. Ataliona tu tokeo la "haijathibitika" iliyogeuzwa kuwa "haifai".